Nani Afunge Kabati Ukutani?

Kabati refu likishasimama chumbani miaka miwili mitatu bila kutikisika, watu wazima hulihesabu kuwa sehemu ya nyumba. Wanalifungua, wanalifunga, wanaweka masanduku ya safari juu yake, wala hawalifikirii tena. Mtoto wa miaka miwili hulitazama vingine. Kwake droo zilizovutwa ni ngazi, na kilichowekwa juu, iwe simu inayochajiwa, rimoti au kopo la biskuti, ni sababu tosha ya kupanda. Ajali inayofuata ina jambo moja la kutisha kuliko mengine: mara nyingi haina sauti. Mtoto aliyebanwa kifua na kabati hawezi kuvuta pumzi, na asiyevuta pumzi hawezi kulia. Mama aliye jikoni anaweza kusikia kishindo kimoja tu, na kama nguo au godoro limepunguza kishindo hicho, asisikie kitu.

Kinga yake inajulikana. Ni vipande viwili vya chuma vyenye umbo la L, au mikanda miwili, na skrubu chache zinazoshikiza sehemu ya juu ya kabati ukutani. Fundi mwenye drili humaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Ukiingia katika nyumba zetu, kuanzia Tandale jijini Dar es Salaam hadi Kileleshwa jijini Nairobi, makabati yaliyofungwa hivyo utayaona kwa nadra sana. Kwa hiyo jambo la kuchambua hapa si namna ya kufunga peke yake. La kwanza ni hili: kazi hiyo ni ya nani? Nchi zilizomwachia mzazi zimekwisha kujifunza kwamba mzazi peke yake hatoshi. Kwetu naamini iko mikononi mwa watu wawili ambao hakuna aliyewauliza: fundi aliyelitengeneza kabati na mwenye nyumba anayeumiliki ukuta.

Tuanze na sababu za kuanguka, maana wengi wanaamini kabati zito halianguki. Kitu kilichosimama hubaki kimesimama mradi uzito wake unaelemea ndani ya eneo la miguu yake. Kabati likiwa limefungwa, uzito huo uko katikati, nyuma kabisa ya ukingo wa mbele. Ukivuta droo, unausogeza mbele. Ukivuta droo zote, unausogeza zaidi. Mtoto akining'inia kwenye droo ya tatu, anaongeza uzito wake mahali pabaya kuliko pote, mbele ya miguu ya kabati.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua kabati la droo nne lenye kina cha sentimita 45. Tuseme mwili wake bila droo una kilo 25, na uzito huo umekaa sentimita 22 nyuma ya ukingo wa mbele. Nguvu ya wenzo inayolizuia lisianguke ni 25 mara 22, yaani 550. Sasa vuta droo zote, kila moja na nguo zake ikiwa kilo 5, na uzito wake ukiwa umetoka sentimita 10 mbele ya ukingo: hiyo ni 200 ya kuliangusha. Mtoto wa kilo 12 akishika droo, mwili wake ukiwa sentimita 30 mbele ya ukingo, anaongeza 360. Jumla ni 560. Kabati limeanza kuinuka miguu ya nyuma, na lililoinuka hivyo halirudi, kwa sababu kadiri linavyoinama ndivyo uzito wake lenyewe unavyohamia upande wa kuanguka. Kilo 12 ni mtoto wa kawaida wa miaka miwili.

Hesabu hiyohiyo ina habari njema. Ili kulizuia kabati hilo lisianze kuinuka, unahitaji nguvu ya kulivuta nyuma kutoka juu, na kwa kuwa juu ni mbali na miguu, nguvu hiyo ni ndogo sana, chini ya kilo moja. Mtoto akijitupa nyuma kwa kucheza itapanda, lakini hata ikipanda mara kumi, skrubu iliyoshika sawasawa kwenye tofali zima inaimudu. Sharti ni moja: kabati likamatwe kabla halijaanza kuinama. Mkanda uliolegea kiasi cha kiganja unaliacha liinuke kwanza, kisha unadaiwa kulisimamisha likiwa na kasi. Hapo ndipo skrubu huchomoka na kuondoka na lipu. Mkanda ukazwe, na skrubu zikae juu kabisa. Ukifunga kabati la mita moja na nusu kwenye usawa wa goti, umetoboa ukuta bure.

Kuhusu uzito, niseme wazi. Kabati kubwa la mninga au mvule, lenye kina cha sentimita 60, ni gumu kupindua kuliko la MDF, na ambaye nyumba yake ina kabati la namna hiyo lililoachwa na wazazi hana haja ya kuanza nalo. Aanze na vile vyembamba na virefu: shelfu ya vitabu yenye kina cha sentimita 28 na urefu wa sentimita 180, rafu ya viatu ya mlangoni, kabati la droo la mbao za kubandika linalouzwa vipande kwenye boksi, na kimeza chembamba kilichobebeshwa televisheni. Shelfu tupu ni hatari kuliko iliyojaa vitabu chini, na iliyojaa vitabu juu huku chini ikiwa tupu ndiyo mbaya kuliko zote.

Marekani ilichukua muda kuelewa kwamba mfuko wa skrubu hautoshi. Julai 2015, kampuni ya IKEA na tume ya serikali ya usalama wa bidhaa, CPSC, zilitangaza kwamba wenye makabati ya droo ya kampuni hiyo, yapatayo milioni 27, wangepewa vifungio vya ukutani bila malipo. Februari 2016 mtoto mwingine akafa katika jimbo la Minnesota chini ya kabati la aina ya Malm. Juni mwaka huo kampuni ikatangaza kuyarudisha makabati yapatayo milioni 29 nchini humo, na mwezi uliofuata ikaongeza milioni 1.7 ya China. Desemba ilikubali kuzilipa familia tatu zilizofiwa dola milioni 50. Januari 2020 ikakubali dola milioni 46 kwa wazazi wa California, ambao mtoto wao wa miaka miwili alikufa mwaka 2017, wakati kabati lililomuua lilikuwa limekwisha kutangazwa kuwa la kurudishwa.

Katika habari hiyo, kinachonishughulisha kuliko mamilioni ya dola ni ule mwaka mmoja kati ya Julai 2015 na Juni 2016. Vifungio vilikuwepo. Tangazo lilikuwepo. Kampeni ya serikali ya kuwaambia wazazi wafunge makabati ilikuwa imeanza mwezi Juni 2015. Hata hivyo, kati ya mfuko wa skrubu na ukuta kulikuwa na mambo mengi: mzazi asiye na drili, mpangaji anayeogopa kutoboa, anayeamini mtoto wake ni mtulivu, na ambaye tangazo halikumfikia kabisa. Kwa sababu hiyo wazazi waliofiwa walidai sheria inayomtaka mtengenezaji atoe kabati linalosimama lenyewe. Sheria hiyo, STURDY Act, ilitiwa saini Desemba 2022, na kipimo chake kimeanza kutumika tangu tarehe 1 Septemba 2023 kwa makabati ya nguo yenye urefu wa kuanzia sentimita 69 hivi. Kabati hupimwa droo zikiwa na mzigo, zikiwa wazi, huku likielemewa na uzito wa kuigiza mtoto wa hadi kilo 27, na hupimwa pia kama lililosimama juu ya zulia, kwa kuwa zulia huiachia miguu ya mbele izame. Kifungio cha ukutani hakikuondolewa. Kimewekwa mahali pake kama kinga ya pili, nyuma ya umbo zuri la kabati lenyewe.

Australia imepita njia nyingine. Huko watu wasiopungua 28 wamekufa kwa kuangukiwa na samani tangu mwaka 2000, na 17 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kanuni mpya, iliyoanza kuwa ya lazima Mei 2025, inawataka wauzaji waweke onyo kwenye bidhaa, dukani na katika matangazo ya mtandaoni, na wamweleze mnunuzi habari ya kufunga. Jambo ambalo mimi ningeliiga upesi zaidi limetoka jimbo la Western Australia: mpangaji anapotaka kufunga samani ukutani ili zisimwangukie mtoto, mwenye nyumba hana ruhusa ya kumkatalia, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kwa mfano ukuta wenye asbesto au jengo la kihistoria. Mpangaji akihama, anaziba tundu. Badiliko hilo lilikuja baada ya kifo cha mtoto katika nyumba ya kupanga, ambapo ruhusa ya kufunga kabati ilikuwa imekataliwa.

Sasa tuje kwetu, ambako hakuna kampuni moja ya kuamriwa irudishe makabati milioni 29. Makabati yetu mengi yanatoka kwa mafundi wa Keko jijini Dar es Salaam, wa Gikomba na kando ya Ngong Road jijini Nairobi, na kwa seremala wa mtaani ambaye hana hata kibao cha jina. Kila kabati ni la kwake peke yake, halina namba wala kitabu cha maelezo. Shirika la viwango likipima moja, halijapima la pili. Anayetaka kutungia soko la namna hii sheria ya Marekani ataandika karatasi nzuri isiyomfikia mtu.

Lakini soko hilihili lina kitu ambacho mnunuzi wa Minnesota hakuwa nacho. Fundi wetu anakuja nyumbani. Analeta kabati kwenye mkokoteni au gari dogo, analiunganisha chumbani, anapachika milango, anaweka kabari chini ya mguu sakafu ikiwa haiko sawa. Mkononi ana vifaa na machoni anauona ukuta wenyewe. Kule kati ya kabati na ukuta kulikuwa na mfuko wa skrubu na mzazi aliyechoka. Kwetu yuko mtu anayejua kazi, na amekwisha kulipwa nauli ya kufika. Bei ya vipande viwili vya chuma na skrubu zake ni ndogo kuliko ya vitasa vya kabati hilo. Kinachokosekana ni mazoea tu ya kuihesabu kazi ya kufunga kuwa sehemu ya kazi ya kabati, kama kupiga vanishi.

Tena aliyeagiza kabati anaweza kuagiza umbo, jambo ambalo mnunuzi wa dukani hawezi. Mwambie fundi kina kiwe sentimita 50 badala ya 40 ikiwa chumba kinaruhusu. Droo kubwa zikae chini na ndogo juu. Kila droo iwe na kizuizi kisichoiruhusu kutoka yote. Na nyuma, juu kabisa, aweke mbao ngumu ya kuvuka upana wote wa kabati, maana hiyo ndiyo itakayoshika skrubu. Hadubodi ya mgongoni haishiki kitu. Nimeona makabati yaliyofungwa kwa hadubodi: siku ya kuvutwa, hadubodi hubaki ukutani na kabati linakwenda zake.

Babu zetu wa pwani waliliepuka tatizo hili lote kwa ujenzi. Katika nyumba za mawe za Lamu, vyombo vya kauri vilikaa kwenye zidaka, vishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta wenyewe kwa lipu iliyonakshiwa, na nguo zilikaa katika makasha mafupi mapana. Hapakuwa na kitu kirefu cha kumwangukia mtoto. Kabati jembamba lililosimama peke yake ni mgeni katika nyumba zetu, na anayejenga leo akaweza kuweka kabati la ndani ya ukuta tangu mwanzo amekwisha maliza mjadala huu kwa upande wake.

Wengine tubaki na ukuta tulio nao, na hapa ndipo fundi wa kweli anapojulikana, kwa sababu kuta za Afrika Mashariki hazifanani.

Ukuta wa tofali za saruji, kama zilivyo nyumba nyingi za Dar es Salaam, ni rahisi ukiheshimu jambo moja: lipu siyo ukuta. Lipu ina unene wa sentimita moja hadi mbili na mara nyingi mchanga umezidi saruji. Skrubu fupi inayoishia ndani yake itachomoka kwa mkono. Toboa tundu la milimita 8 hadi uingie ndani ya tofali lenyewe, toa vumbi lote, ingiza plagi ya plastiki ambayo mafundi wengi huiita fisha, kisha skrubu ndefu inayojaza plagi hiyo hadi mwisho. Drili ikizama ghafla bila upinzani umepata kiungo au tundu, basi sogea sentimita kadhaa. Tofali za kuchoma za Iringa, Mbeya au Uganda zinataka upole: zima kitendo cha kugonga cha drili, la sivyo tofali litapasuka. Mawe ya kuchonga ya Nairobi hushika vizuri sana, ila usitoboe kwenye kiungo cha jiwe na jiwe.

Ukuta wa matumbawe na chokaa wa Mji Mkongwe au Mombasa ya kale ni laini juu na haueleweki ndani. Hapo usitegemee matundu mawili. Funga kwanza ubao mrefu ukutani kwa skrubu nne au tano zilizo mbalimbali, ndipo ulifunge kabati kwenye ubao huo. Njia hiyohiyo ndiyo inayofaa nyumba ya udongo: udongo wenyewe haushiki skrubu, bali nguzo zilizo ndani yake hushika, kwa hiyo ubao uvuke kutoka nguzo hadi nguzo. Katika nyumba ya mabati, funga kwenye mbao za fremu, kamwe si kwenye bati. Na katika vyumba vipya vilivyogawanywa kwa bodi za jipsamu, tafuta fremu iliyo nyuma ya bodi. Sumaku ndogo ikipitishwa ukutani itanasa penye skrubu za fremu hiyo.

Kabla ya kutoboa popote, tazama swichi na soketi. Kwa kawaida waya hupanda au kushuka wima kutoka hapo, na bomba la maji hufanya vivyo hivyo juu ya bomba la sinki.

Wakazi wa pwani huniambia hawasogezi kabati ukutani kwa sababu ya ukungu na mchwa. Wana haki. Hewa ipite nyuma ya kabati, na mchwa aonekane mapema. Lakini kufunga hakuhitaji kubana: kipande cha mbao cha sentimita tano kikikaa kati ya kabati na ukuta, kabati linashikwa na hewa inapita, na ule ukingo wa vigae ulio chini ya ukuta hausumbui tena. Wa pwani wachague pia skrubu zisizoshika kutu, kwa sababu chumvi ya bahari huila skrubu ya kawaida bila mwenye nyumba kujua. Kuhusu mikanda ya plastiki na gundi za kubandika, vyote viwili navikataa. Gundi hushika rangi, na rangi hushika lipu inayobanduka. Plastiki nayo huchakaa: mwaka 2023 Marekani ilitangaza kuondolewa kwa mamilioni ya vifungio vya plastiki kwa kuwa plastiki yake inaweza kukauka na kukatika. Tumia chuma, au mkanda imara wa kitambaa wenye vishikizo vya chuma.

Liko jambo jingine ambalo watu wa maziwa makuu wanalijua kuliko sisi wa pwani. Ardhi ya Bonde la Ufa hutikisika. Bukavu, huko Kivu, ilitikiswa Februari 2008, na Bukoba, mkoani Kagera, Septemba 2016. Huko watu wengi huumizwa na kuta zenyewe, na ukuta mbovu hautibiwi kwa skrubu. Lakini mahali ambapo nyumba inasimama, kilichomo ndani ndicho kinachoangukia waliolala. Japani, iliyopoteza zaidi ya watu 6,400 katika tetemeko la Kobe la Januari 1995, huwafundisha raia wake kufunga makabati kama sehemu ya kujiandaa na tetemeko, na kikosi cha zimamoto cha Tokyo husema kwamba katika matetemeko ya karibuni kati ya asilimia 30 na 50 ya majeruhi waliumizwa na samani zilizoanguka, kupinduka au kuhama. Shule na zahanati za Kagera na Kivu zenye shelfu za vitabu na dawa zina sababu mbili za kutoboa kuta zao.

Nirudi kwa mwenye nyumba. Mikataba mingi ya kupanga mijini humkataza mpangaji kupiga hata msumari, na amana hushikiliwa kwa ajili hiyo. Naelewa uchungu wa mtu aliyejenga kwa jasho akakuta ukuta umejaa mashimo. Lakini tundu la milimita 8 juu ya kabati huzibwa kwa kijiko cha simenti nyeupe na kupakwa rangi siku hiyohiyo ya kuhama. Kifungu kimoja katika mkataba kinatosha: mpangaji anaruhusiwa kufunga makabati na televisheni ukutani, na atayaziba matundu akiondoka. Hakuna bunge linalohitajika. Mwenye nyumba anaweza kukiandika leo, na dalali anayeandaa mikataba anaweza kukiweka katika nakala zake zote.

Mwenye kusoma haya akiwa na mtoto mdogo, asingoje fundi wala mkataba kwa mambo mawili: ateremshe vitu vizito vilivyo juu ya kabati, na aondoe huko chochote anachokitamani mtoto. Kisha ampigie simu aliyemuuzia kabati amuulize kama ana drili. Na anayekwenda Keko au Ngong Road wiki hii, asikubaliane bei kabla ya kuuliza nani atalifunga kabati ukutani, na asimalize kulipa kabla halijafungwa.